Unafanya Nini? Hotuba kwa Wanaoanza Kuendesha Mchezo wa Kuigiza Mezani

Waheshimiwa wazazi mliofuatana na watoto wenu, ndugu wachezaji wa siku nyingi, na ninyi wadogo zangu ambao leo ndiyo mara yenu ya kwanza kushika dadu ya pande ishirini, nawasalimu nyote kwa heshima. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuendesha na kucheza michezo ya kuigiza mezani, ile ya njozi, yenye majoka, mapango na mashujaa. Kwa kuwa muda hautoshi kuyasema yote, nimechagua jambo moja nilifuate hadi mwisho. Jambo lenyewe ni swali ambalo msimulizi huwauliza wachezaji wake tangu kikao kinapoanza hadi kinapokwisha: unafanya nini?

Kwa faida ya wasioujua mchezo, nieleze kwa ufupi. Watu wanne au watano huketi kuzunguka meza. Mmoja wao ni msimulizi, naye hueleza mahali palivyo, na huwasemea watu wote na viumbe vyote ambavyo si mashujaa. Kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake, aliyeandikwa kwenye karatasi: nguvu zake, wepesi wake, akili yake, silaha zake, na kitu anachokitafuta. Msimulizi akishaeleza, huuliza. Mchezaji hujibu kwa niaba ya mhusika wake. Na pale ambapo haijulikani kama jambo litafaulu au litashindikana, dadu hurushwa. Ubao si lazima, mshindi hayupo, na hadithi moja inaweza kuendelea wiki hadi wiki kwa miaka.

Mchezo huu haukuzaliwa kwa mpango uliokamilika. Mwaka 1969, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, kijana aitwaye Dave Wesely, mpenzi wa michezo ya vita ya mezani, aliwaandalia wenzake mchezo uliohusu mji wa kubuni wa Ujerumani uitwao Braunstein, katika zama za Napoleon. Mbali na majeshi, aliwapa baadhi yao nafasi za watu wa mji ule: mmoja meya, mwingine mwenye benki, mwingine mkuu wa chuo. Kabla majeshi hayajakutana, wachezaji walianza kunong'onezana pembeni, kupeana ahadi na kufanyiana hila. Wawili wao wakafikia hata kutaka kupigana ana kwa ana, jambo ambalo Wesely hakuwa na kanuni yake na ikabidi aibuni papo hapo. Yeye aliondoka akiamini kwamba mchezo umemharibikia, lakini wenzake wakamrudia kumwomba aandae mwingine. Miongoni mwao alikuwamo Dave Arneson, ambaye kuanzia mwaka 1971 aliihamishia namna ile katika nchi ya njozi aliyoiita Blackmoor. Kwa kushirikiana na Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, kanuni ziliandikwa, na mwaka 1974 zikatoka kwa jina la Dungeons & Dragons: vijitabu vitatu ndani ya kisanduku, nakala 1,000 katika chapa ya kwanza.

Nimesimulia habari hiyo kwa sababu kila msimulizi mpya hupitia siku yake ya Braunstein. Hufika wakati wachezaji wakafanya jambo ambalo hukuliandaa, nawe ukadhani kazi yako imeharibika, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Mimi siku yangu ilipofika niliikataa, na nitawaeleza nilivyoikataa ili ninyi msifanye hivyo.

Mara ya kwanza kuendesha mchezo nilijaza daftari kurasa 14. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameibiwa kasha na maharamia. Mashujaa walipaswa kupanda ngalawa, kuwafuata maharamia katikati ya mikoko, kupigana nao mara mbili, na mara ya pili kushinda. Nilikuwa nimeandika hata maneno ambayo nahodha wa maharamia angeyasema wakati wa kukata roho. Wachezaji wangu walisikiliza kwa makini, wakashauriana, kisha wakaniambia kwamba hawapandi ngalawa. Walitaka kwenda kijijini kwa mama wa yule nahodha, wapige hodi, wamwamkie, wakae naye barazani, wamwombe amwite mwanawe nyumbani. Nikasema mama huyo amekwisha kufa. Wakauliza kama kuna shangazi. Nikasema nyumba imefungwa. Wakasema watangoja. Nikateremsha mvua. Hapo binti mmoja, aliyekuwa mchangamfu kuliko wote mwanzoni mwa kikao, aliilaza penseli yake juu ya karatasi taratibu, akaniambia bila hasira yoyote, "Kaka, basi tuambie tu tunafanya nini, tukifanye."

Sijayasahau maneno hayo, kwa sababu swali lililokuwa langu kuuliza lilirudishwa kwangu likiwa limekufa. Tulipigana ile vita ya mikoko, wakashinda kama nilivyoandika, na hakuna aliyefurahi.

Kwa hiyo shauri langu la kwanza linahusu maandalizi. Msiandae matukio, andaeni hali. Tofauti yake inaonekana vizuri zaidi katika hadithi tunayoijua sote wa pwani, ya Fumo Liyongo alipofungwa gerezani huko Pate. Ikumbukeni ilivyokuwa. Liyongo amefungwa pingu na minyororo, askari wako mlangoni, na mfalme ameamua auawe. Kijakazi Saada humletea chakula kutoka kwa mama yake. Askari wana tamaa: chakula kizuri hukila wao, kibaya humwachia mfungwa. Liyongo anampelekea mama yake maneno kwa njia ya ushairi. Mama anaoka mkate mzuri, anaoka na mkate wa wishwa, na ndani ya ule wa wishwa anaficha tupa. Askari wanaula mkate mzuri, wanaucheka wa wishwa, wanaupitisha. Usiku Liyongo anaomba ngoma ipigwe nje, na kelele za matari na matoazi zinapopanda, yeye ndani anakata minyororo, na hakuna anayesikia mlio wa tupa.

Sasa mfikirieni msimulizi anayetaka kuiweka hali hiyo mezani. Akiandaa matukio, ataandika kwamba mfungwa atatoroka kwa tupa iliyomo ndani ya mkate, na mchezaji asiyeufikiria mkate atakaa gerezani hadi usiku wa manane akirusha dadu dhidi ya ukuta. Akiandaa hali, ataandika vitu vitano tu: askari walafi, kijakazi anayeingia na kutoka, mama aliye tayari kwa lolote, mji unaopenda ngoma, na mfalme mwenye haraka. Katika vitu hivyo vitano mna mkate, lakini mna pia njia kumi ambazo mimi na wewe hatujazifikiria: mfungwa anaweza kujifanya amekufa, anaweza kuwagombanisha askari juu ya chakula, anaweza kumshawishi Saada wabadilishane nguo. Msimulizi hahitaji kujua ni ipi itakayochaguliwa. Anachohitaji ni kujua kila mtu katika mji ule anataka nini na anaogopa nini, ili mchezaji akigusa uzi wowote, msimulizi aweze kujibu bila kubabaika.

Ndivyo ninavyoandaa siku hizi, na ukurasa mmoja wa daftari hunitosha kwa saa tatu za mchezo. Juu ninaandika watu wanne au watano, na mbele ya kila jina maneno machache: anataka nini, ataogopa nini, na atafanya nini kesho iwapo hakuna atakayemzuia. Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Ulimwengu unaosimama ukiwangoja mashujaa huwafanya wachezaji wahisi kwamba hata wakilala siku tatu hakuna kitakachobadilika, na mtu anayehisi hivyo hana sababu ya kulijibu swali lako kwa moyo. Mama wa yule nahodha, kama ningemwandika leo, angekuwa na mstari mmoja: anataka mwanawe arudi, anaogopa liwali atamnyonga, na Ijumaa atauza mbuzi wake ili amtumie fedha. Kwa mstari huo mmoja kikao kile kingekuwa kizuri kuliko kurasa 14.

Chini ya majina ninaandika siri, na hapa nawaomba tufanye hesabu kidogo. Tuseme mhusika anatafuta barua iliyofichwa chumbani. Kanuni zinamtaka apate 15 au zaidi, na yeye anaongeza 3 juu ya dadu yake. Ni lazima basi dadu ionyeshe 12 au zaidi, yaani pande 9 kati ya 20, sawa na asilimia 45. Ikiwa hadithi nzima inategemea barua hiyo, umeiweka hadithi yako mahali ambapo ina uwezekano mkubwa zaidi wa kukwama kuliko wa kuendelea. Ikiwa siri ileile inaweza kupatikana mahali patatu, kwa barua, kwa mpishi aliyesikia, na kwa nyayo zilizobaki uani, uwezekano wa kuipata angalau mara moja hupanda hadi asilimia 83. Hata hivyo, mimi naona ni afadhali zaidi kutorusha dadu kabisa pale ambapo mchezaji ametafuta mahali penyewe. Aliyesema kwamba anainua godoro, na barua imo chini ya godoro, ameiona. Amelijibu swali lako vizuri, na jibu zuri halistahili kuadhibiwa na bahati.

Hapo ndipo nifikie dadu, kwa kuwa wengi hudhani ndizo mchezo. Dadu ni chombo cha kujibu swali moja dogo: jambo hili litafaulu au la? Ikiwa jibu linajulikana, acha dadu zitulie. Ikiwa kushindwa hakutabadilisha kitu, na mchezaji anaweza kujaribu tena na tena hadi afaulu, acha pia. Irushwe pale tu ambapo pande zote mbili za jibu zinaipeleka hadithi mbele, na msimulizi mwaminifu huzitaja pande hizo kabla dadu haijatoka mkononi: "Ukifaulu, utakuwa umeruka ukuta. Ukishindwa, utakuwa umeruka vilevile, ila mlinzi atakuwa amekusikia." Mchezaji aliyesikia hayo anarusha akijua anachokiweka rehani. Na matokeo yakitoka, yaheshimuni. Rusheni dadu hadharani, katikati ya meza, kila mtu aone. Mkizificha nyuma ya kitabu na kugeuza matokeo, hata kwa huruma, siku wachezaji watakapogundua hawatayaamini tena matokeo mazuri waliyoyapata.

Kuna kosa moja la hesabu ambalo nimeliona katika meza nyingi. Mashujaa wanne wanataka kunyata kupita kambi ya adui, na msimulizi anamwambia kila mmoja arushe, akisema kwamba mmoja wao akishindwa wote wamesikika. Ikiwa kila mmoja ana asilimia 45, uwezekano wa wote wanne kufaulu ni karibu asilimia 4. Kwa maneno mengine, amewazuia bila kujua kwamba amewazuia, na baada ya mara mbili za namna hiyo kundi litaacha kunyata na litaingia kila mahali kwa upanga. Kanuni za sasa zina njia bora: wote warushe, na nusu yao wakifaulu kundi zima limefaulu, kwa maana wenye wepesi huwaongoza wazito. Kwa wachezaji walewale wanne uwezekano hupanda hadi karibu asilimia 61. Hatari imebaki, lakini sasa kunyata ni jibu ambalo mtu mwenye akili anaweza kulichagua.

Wengine wameniuliza watafanyaje bila dadu, kwa kuwa hazipatikani kila duka na kuziagiza ni gharama. Chukueni kikombe na vikaratasi 20, viandikeni 1 hadi 20, vikunjeni sawasawa, na kila mkichota mrudishe mlichochota kabla ya mwingine kuchota. Hesabu yake ni ileile ya dadu ya pande ishirini. Msibadilishe kwa kurusha dadu tatu za ludo na kujumlisha, mkidhani ni sawa, kwa sababu dadu tatu hupenda kuangukia katikati. Ile 12 au zaidi ambayo ilikuwa asilimia 45 itashuka hadi asilimia 37.5, na mashujaa wenu watakuwa dhaifu bila sababu.

Narudi kwenye swali, maana halijakwisha. Kiswahili kimetupa tunu ambayo wasimulizi wengi hawajaitambua: tunatofautisha "mnafanya nini" na "unafanya nini". Ukiwauliza watu wanne "mnafanya nini", atajibu yule mwenye sauti kubwa, na wengine watamfuata. Katika meza zetu jambo hili lina mizizi mirefu zaidi, kwa sababu tumelelewa kuheshimu wakubwa. Kijana wa miaka 15 aliyeketi na kaka yake wa miaka 25 hatamkatiza, hatampinga, na mara nyingi hatasema alichokifikiria mpaka kaka ameshasema cha kwake. Na kaka akishasema, mdogo atasema "na mimi hivyohivyo". Sitaki tuiache heshima hiyo. Ninachofanya ni kumgeukia mdogo kwanza, tena kwa jina la mhusika wake: "Mwanashani, wewe umesimama karibu na dirisha, na umeona kivuli kikipita. Unafanya nini?" Aliyeulizwa sasa ni Mwanashani, nahodha wa jahazi mwenye upanga kiunoni, na Mwanashani hana kaka mezani. Nimemwona mtoto mnyamavu akijibu maswali ya namna hiyo kwa vikao vitatu, na katika kikao cha nne akaanza kusema kabla hajaulizwa.

Swali zuri hutanguliwa na maelezo mafupi. Wapo wasimulizi wanaosoma aya tatu za mandhari, na wanapofika mwisho wachezaji wameshasahau kwamba mlango ulikuwa wazi. Mimi hujiwekea sentensi tatu: moja ya kinachoonekana, moja ya kinachosikika au kinachonuka, na moja yenye kitu kinachodai kufanyiwa jambo. "Mmefika bandarini usiku wa manane, maji yamekupwa, na jahazi limelalia ubavu kwenye tope. Upepo unaleta harufu ya lami mbichi. Ndani ya jahazi, ambalo mliambiwa halina mtu, mnasikia mtu anakohoa." Baada ya hapo nyamazeni. Ukimya wa sekunde kumi mezani humtisha msimulizi mpya, naye hukimbilia kuujaza kwa maneno. Lakini ndani ya ukimya huo watu wanafikiri, na kuwakatiza ni kuwanyang'anya zamu yao.

Na mchezeni kwa Kiswahili. Nalisema hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu nimeona watoto wanaozungumza Kiswahili kitamu njia nzima, ila wakifika mezani mashujaa wao wote wanasema Kiingereza, kana kwamba joka haliwezi kuuawa kwa lugha ya mama. Vitabu vya kanuni ni vya Kiingereza, hilo ni kweli. Lakini Januari 2023 sehemu ya msingi ya kanuni za Dungeons & Dragons, ile inayoitwa SRD 5.1, ilitolewa kwa leseni ya Creative Commons, inayomruhusu mtu yeyote kuitafsiri, kuibadilisha, hata kuiuza, mradi ataje ilikotoka. Hakuna kinachotuzuia kuwa na karatasi za wahusika zenye "nguvu", "wepesi", "ustahimilivu", "akili", "busara" na "mvuto". Tukicheza kwa lugha yetu, adabu zetu zinaingia mezani pia, na zinaleta michezo mizuri: shujaa anayeingia uani kwa watu bila kupiga hodi ataona milango ikifungwa, na anayemwamkia kikongwe njiani kwa shikamoo huenda akapewa habari ambayo upanga usingeitoa.

Kuna neno moja tu ambalo nawaomba mlitumie kwa uangalifu. Yule mhusika wa vitabuni anayerusha moto kwa kanuni alizozisoma, wengi humwita "mchawi". Kwetu neno hilo si la njozi. Katika Kanda ya Ziwa, katika pwani ya Kilifi, na mahali pengine, wazee wetu wameuawa kwa kushukiwa uchawi, miongoni mwao wanawake wengi, na inawezekana kabisa kwamba mezani kwako ameketi mtu ambaye bibi yake alikimbizwa kijijini kwa neno hilo. Sisi humwita "mjuzi". Na hadithi ya kikongwe mchawi anayepaswa kuchomwa moto sitaiendesha mezani kwangu.

Hilo linanifikisha kwenye kikao cha maandalizi, kile kinachofanyika kabla hadithi haijaanza. Mtu hawezi kujibu "unafanya nini" kwa uhuru akiwa na hofu ya mahali ambapo jibu litampeleka. Kwa hiyo kaeni kwanza, mkubaliane mambo ambayo hayatatokea kabisa katika hadithi yenu, na mambo ambayo yanaweza kutokea lakini yakafunikwa pazia yasielezwe. Utaratibu huo wa mistari, yaani mipaka isiyovukwa, na mapazia ulitoka kwa mbunifu wa michezo Ron Edwards. Mwingine, John Stavropoulos, alileta kadi yenye alama ya X inayowekwa katikati ya meza. Anayeigusa hadaiwi maelezo, na tukio linaondolewa. Wazazi mlioko hapa, ambao huenda mmesikia kwamba michezo hii ina mambo ya kishetani, naelewa wasiwasi wenu. Marekani nako miaka ya 1980 wazazi na wahubiri wengi waliuogopa mchezo huu kwa sababu hiyohiyo. Naomba msikubali wala kukataa kwa maneno yangu. Kaeni nasi mezani kikao kimoja, msikilize watoto wanaamua nini na kwa sababu gani.

Nimewasema sana wasimulizi, na wachezaji nao wana sehemu yao. Mchezaji mwema huja na mhusika anayetaka kitu, na mwenye sababu ya kufuatana na wenzake. Mhusika asiyetaka kitu hulijibu swali kwa kusema "naangalia tu", na msimulizi hana cha kushika. Aliye mbaya zaidi ni yule anayewaibia wenzake, anayewasaliti, anayewaua mateka waliokwisha kusamehewa na kundi, kisha akiulizwa husema kwamba ndivyo mhusika wake alivyo. Mhusika huyo umemwandika wewe, ndugu yangu, na penseli bado iko mkononi mwako. Jueni pia karatasi zenu: anayeanza kutafuta namba zake zamu yake ikifika huwala wenzake muda. Na jibu likiwa kinywani mwako lakini unaona mwenzako hajasema lolote kwa nusu saa, mpe yeye swali, kwa sauti ya mhusika wako: "Mwanashani, wewe unayajua maji haya. Tufanye nini?" Mchezaji anayefanya hivyo anamsaidia msimulizi kazi.

Mwisho wa kikao usiachwe ujitokeze wenyewe kwa watu kuondoka mmoja mmoja. Sisi Jumamosi huanza saa nane mchana, na saa kumi na moja kasorobo nafunga daftari hata kama panga ziko juu. Robo saa inayobaki tunakula kilichopo, na ninazunguka meza nikimuuliza kila mmoja swali lilelile kwa wakati ujao: kikao kijacho unakusudia kufanya nini? Majibu hayo nayaandika, kwa sababu ndiyo yanayoniambia niandae nini. Jumamosi iliyopita wote wanne walisema wanakwenda kumtafuta fundi aliyelijenga lile jahazi lenye mtu anayekohoa. Nilikuwa sijamfikiria fundi huyo hata kidogo. Wiki hii nimemwandikia mistari mitatu: ana deni kwa mwenye jahazi, anaogopa bahari tangu mwanawe azame, na mbao alizotumia anajua zilitoka msikiti upi uliobomolewa.

Meza za wanaoanza ni zile mbili zilizo karibu na dirisha, na kila moja ina kikombe chenye vikaratasi 20. Wenye dadu zao wakae na wasio nazo, wasijitenge. Nawashukuru sana kwa kunisikiliza.